Kinyozi Achagua Kinoleo

Mtaa mzima ulimwita Kinyozi, na jina hilo lilimganda hata mkewe naye hakutumia jingine. Lile alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye kitambulisho, na kitambulisho kilikaa kwenye droo.

Chumba chake cha kazi kilikuwa kwenye kona, kati ya fundi viatu na duka la vipuri vya baiskeli. Kilikuwa na viti viwili vya kuzunguka, kioo kilichopasuka pembeni, rafu ya chupa za spiriti, na ukanda mpana wa ngozi uliotundikwa msumarini. Vinyozi wengine walikwisha kuhamia kwenye mashine za umeme na nyembe za kutupa. Yeye alikuwa bado na wembe wa kukunja wenye mpini wa pembe, na kila asubuhi aliupitisha kwenye ule ukanda, kwenda na kurudi, kabla ya mteja wa kwanza kuingia. Nywele angeweza kukunyoa mtu yeyote. Ndevu ndizo zilizowaleta watu kwake kutoka mitaa ya mbali. Wazee walilala usingizi kwenye kiti chake, wembe ukiwa kooni, na yeye alipenda kusema kwamba hiyo ndiyo heshima, shikamoo ni salamu tu.

Mkewe alikuwa mkunga katika zahanati mpaka alipostaafu. Naye hakuitwa vingine ila Mkunga. Nusu ya vijana wa mtaa walikuwa wamepita mikononi mwake wakiwa hawana nguo, na alipokutana nao barabarani aliwatazama kwa namna ya kuwakumbusha jambo hilo. Kazi ile ilimwachia tabia ya kutoa amri kwa neno moja moja. Pumua. Sukuma. Subiri. Nyumbani nako mambo yalikuwa hivyo hivyo.

Jikoni palikuwa eneo la Mkunga, na Kinyozi hakuwa na kazi mle isipokuwa moja tu: visu. Mwisho wa wiki alikaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, akatandika kitambaa kibichi juu ya kigoda, akaweka kinoo chake cha jiwe juu yake, akaanza. Kikubwa cha nyama kwanza, halafu cha kati, halafu kile kidogo cha vitunguu. Cha mkate, chenye meno, hakukigusa, alikiita msumeno. Alipomaliza alijaribu makali kwa ukucha wa dole gumba, akavirudisha visu jikoni amevishika kwa bapa, mpini ukimwelekea mkewe. Majirani waliokuja kuazima kisu kwa Mkunga walionywa kwanza, ndipo wakapewa.

Mtetemeko ulianzia kwenye dole gumba hilo. Mkunga aliuona kabla ya mwenyewe, kwenye kikombe cha chai, chai ilipokuwa ikitikisika bila mtu kupita. Alinyamaza, akangoja. Kinyozi naye alipouona alinyamaza, akawa anaegemeza kiwiko kwenye kiti anaponyoa, akisema mgongo unamsumbua. Kwa muda ilisaidia.

Siku moja akaja dereva wa lori, mteja wake wa tangu ujana wa wote wawili. Akapakwa povu, akaegemea. Kinyozi akafungua wembe, na kwenye kioo wote wawili wakaiona ncha yake ikicheza kama mkia wa mjusi. Dereva akainuka taratibu.

"Nimekumbuka gari sijalifunga," akasema. "Nitarudi."

Akajifuta povu, akalikunja taulo vizuri, akaliweka kitini. Gari lilikuwa mbele ya mlango, limefungwa, vioo vimepandishwa. Kinyozi alilitazama likiondoka, kisha akaukunja wembe.

Kiti cha pili kilikuwa cha mpwa wake, mtoto wa dada yake, mwanamume mzima mwenye watoto, aliyekuwa akifanya kazi kwa mashine. Mpwa alisema, "Mjomba, pumzika kidogo, mimi nitashika hapa." Kidogo hicho hakikwisha. Hospitalini walimpa vidonge vilivyompunguzia mtetemeko asubuhi, lakini ulirudi kadiri jua lilivyopanda. Zamani watu walizoea kumtania kwamba kinyozi hajinyoi. Sasa waliiacha methali ile, maana ilikuwa imegeuka kuwa kweli: aliyemnyoa ni Mkunga, kwa mashine ya kuazima, akimwamuru apandishe kidevu.

Kazi ya visu hakuiacha. Hakuna aliyemwambia aiache. Mwisho wa wiki alitoka na kigoda na jiwe kama kawaida, na sauti ya chuma juu ya jiwe ilisikika mpaka kwa majirani. Lakini kunoa kwenye jiwe ni kazi ya kushika mlalo mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Kisu kikilala zaidi au kikisimama zaidi, kila mpito unafuta kazi ya mpito uliotangulia. Mkono wake sasa ulibadilisha mlalo bila kumwuliza. Alikuwa akiyaviringisha makali badala ya kuyanoa, na kadiri alivyojitahidi ndivyo visu vilivyozidi kuwa butu. Ukucha nao haukumsaidia. Dole lenye mtetemeko huhisi makali hata yasipokuwapo.

Mkunga alijua kwenye nyanya. Kisu kiliibonyeza mpaka ikapasuka upande wa pili, maji yakatapakaa ubaoni. Siku nyingine kilitereza kwenye ganda la kitunguu kikaingia kwenye kidole chake cha shahada. Alikifunga kidole mwenyewe. Kinyozi alipouliza, aliambiwa ni kifuniko cha kopo.

Wiki iliyofuata Mkunga alirudi sokoni na kisu kipya chenye mpini wa plastiki ya kijani. Alikizungushia kitambaa, akakificha kwenye kabati la chini, nyuma ya vitambaa vya meza ambavyo havikutumika ila wageni wakija. Akipika peke yake alikitoa. Akisikia kandambili za mumewe ukumbini alikirudisha, akashika cha zamani.

"Kinakata?" Kinyozi aliuliza kila akiingia.

"Kinakata," alijibu Mkunga.

Mambo yalikwenda hivyo kwa miezi. Kisha siku moja Mkunga akiwa ameenda kwenye kikao cha wastaafu, Kinyozi alimwaga maji jikoni, akainama kutafuta kitambaa cha kupangusia. Mkono wake ukagusa kitu kigumu. Akakifungua, akakitazama, akakijaribu kwa ukucha wa mkono wa kushoto, ule usiotetemeka. Akakiweka katikati ya meza, akaketi.

Mkunga alimkuta hapo hapo. Maji yalikuwa bado sakafuni.

"Hiki cha nani?" Kinyozi akauliza.

"Cha humu ndani."

"Kimekuwa cha humu ndani tangu lini?"

Mkunga akatua mkoba wake juu ya kiti. "Tangu nilipojikata na kile kingine."

"Ulisema kifuniko cha kopo."

"Nilisema."

Kinyozi akakitazama kile kisu cha kijani. "Ungeniambia tu."

"Ningekuambia vipi? Ukitoka pale nyuma na jiwe lako unarudi uso umekunjuka. Siku nyingine zote unashinda umeukunja. Nikasema acha, kisu nitanunua."

Kinyozi akachukua kitambaa, akainama. Alijaribu kuyapangusa yale maji, na Mkunga akamwacha ayapanguse, ingawa alikuwa anayasambaza tu. Siku zilizofuata alinuna. Hakuwa mtu wa kupiga kelele. Alikula alichopewa, akasema asante, akaenda kukaa kwa fundi viatu. Mwisho wa wiki ulipofika hakutoka na kigoda.

Asubuhi moja, wakinywa chai, alisema bila kumtazama mkewe, "Kuna vinoleo vya mkono. Vidude ambavyo mlalo umo ndani ya kidude chenyewe, wewe unapitisha kisu tu."

"Vipo."

"Zamani nilikuwa navicheka."

"Nakumbuka," alisema Mkunga. "Ulimcheka mama wa nyumba ya pili mbele ya wageni wake."

Wakampigia simu binti yao, karani wa benki aliyekaa upande mwingine wa mji na kuja nyumbani Jumapili. Binti alifurahi kuwa na la kufanya.

"Baba, usihangaike na jua. Naagiza hapa hapa kwenye simu. Kuna picha, kuna na maoni ya wateja."

"Maoni ya wateja nimeyasikia maisha yangu yote," Kinyozi akasema. "Mteja anakuambia amependeza huku anatafuta kofia. Tutakwenda wenyewe."

Duka lenyewe lilikuwa kubwa, la vyombo vya nyumbani, lenye milango ya kioo na mlinzi mnene aliyekaa kwenye kiti cha plastiki. Kinyozi alikuwa amebeba kisu chake cha kati, cha mpini wa mti, kilichozungushiwa gazeti ndani ya kikapu cha Mkunga. Aliona haifai kununua kinoleo bila kukijaribu kwa kisu kitakachokitumia. Mlinzi akaomba kikapu kifunguliwe.

"Hiki nini, mzee?"

Kinyozi, kwa nia njema kabisa, akaingiza mkono, akakitoa kisu ili aeleze. Ilikuwa karibu na saa sita, saa ambayo vidonge vya asubuhi vimekwisha nguvu. Kisu kikatoka kwenye gazeti kikitetemeka, ncha ikimwelekea mlinzi tumboni. Mwanamke mmoja aliyekuwa nyuma yao akamvuta mtoto wake pembeni. Mlinzi akasimama, na kiti kikasimama pamoja naye, kimembana kiunoni.

"Shikamoo, mzee," akasema. "Lakini hicho weka chini. Weka chini taratibu."

"Marahaba. Nimekuja kununua kinoleo."

"Sawa. Weka chini kwanza."

Mkunga akakichukua kisu kutoka mkononi mwa mumewe kama anavyomchukulia kikombe, akamgeuzia mlinzi mpini. "Kijaribu."

"Mama, kisu hakiingii dukani."

"Hicho si kisu tena. Kijaribu, halafu useme."

Mlinzi akajivua kiti. Akapitisha dole gumba kwenye makali, akaona halina kitu. Akakipitisha kisu kwenye ukucha, kisha kwenye mkono. Mwishowe akaokota gazeti, akajaribu kulikata. Gazeti likajikunja, likagoma. Akamtazama Mkunga.

"Hiki hakikati hata maji."

"Ndiyo maana tumekuja."

Akafikiri. Kisha akawaongoza ndani yeye mwenyewe, amekishika kisu kwa vidole viwili mbali na mwili wake, kama mtu aliyebeba panya aliyekufa kwa mkia. Hakurudi mlangoni. Tangu hapo mpaka mwisho alisimama nao, na kama kuna aliyeingia dukani na panga siku ile, aliingia tu.

Muuzaji alikuwa mama wa makamo, miwani yake imening'inia shingoni kwa kamba. Alisikiliza shida yao, akauangalia mkono wa Kinyozi mara moja tu, hakuuangalia tena. Akatoa vitu vinne, akavipanga juu ya meza ya kuuzia.

Cha kwanza kilikuwa fimbo ya chuma yenye mpini, kama zile za wauza nyama. Kinyozi hakuigusa. "Hii ni ya kunyoosha makali yaliyopinda," akamwambia mlinzi, aliyekuwa ameuliza. "Yaliyokufa haiyafufui. Na inataka mikono miwili hewani."

"Wengi wanainunua kwa sababu wameiona kwa wauza nyama," muuzaji akasema. "Wiki ya pili wanataka kuirudisha."

Cha pili kilikuwa jiwe, lenye upande wa kukwaruza na upande laini, limefungwa kwenye kibao cha mianzi. Kinyozi alilichukua, akalipapasa pande zote mbili, akalinusa. "Zuri kuliko langu," akasema. Mkono wake ulikaa juu ya jiwe lile muda kidogo. Mkunga aliliona hilo, akatazama sufuria zilizopangwa ukutani mpaka mumewe alipoliweka chini.

Cha tatu ndicho kilichompendeza. Kilikuwa na kipande cha mti chenye sumaku ubavuni, na gurudumu dogo lenye mawe ya duara pande zote mbili. Kisu kinasimamishwa kwenye sumaku, makali juu, na gurudumu linaviringishwa mezani likipita kwenye makali. Mlalo unashikwa na sumaku, si na mtu. Kinyozi alikizunguka kwa macho kama mtu anayenunua ng'ombe. Akakisimamisha kisu, akaviringisha. Gurudumu lilikwenda likigongagonga kama meno ya mtu mwenye homa, lakini lilikwenda.

"Hiki nimekikubali mimi," alisema mlinzi. "Ningekuwa wewe ningechukua hiki."

"Wewe una mikono miwili inayokusikiliza," Mkunga akamjibu.

Mlinzi akarudi hatua moja nyuma. Kinyozi naye alikuwa amefika mahali pa kukitoa kisu. Sumaku ilikishika sawasawa. Akavuta, hakikutoka. Akavuta kwa nguvu zaidi, kikatoka ghafla, na mkono ukarushwa pembeni na kisu ndani yake, ukapita karibu na kamba ya miwani ya muuzaji. Kinyozi mwenyewe akakirudisha kisu mezani na kukisukuma mbali na ukingo.

"Basi, hapana," akasema. "Siku kitakapokuwa kikali kweli itakuwa hatari."

Kikabaki cha nne. Kilikuwa kidude cha plastiki nyeusi, urefu wa shibiri moja, chenye mpini wa kushikia upande mmoja na mifereji miwili upande mwingine. Chini kilikuwa na mpira wa kuzuia kuteleza. Unakikandamiza mezani kwa mkono mmoja, unapitisha kisu ndani ya mfereji kwa mkono wa pili, unakivuta kuja kwako. Ndicho kile kile alichomchekea mama wa nyumba ya pili.

"Hiki hakinoi," Kinyozi alisema. "Kinakwangua. Kinakula kisu."

"Kinakula, sikatai," alisema muuzaji. "Ninacho nyumbani. Kisu changu kimeliwa kidogo hapa, karibu na mpini. Lakini nakata." Akavaa miwani, akamwonyesha. "Mfereji huu ni wa chuma, unakwaruza. Huu mweupe ni wa kauri, wa kumalizia. Kama kisu hakijafa kabisa, tumia huu mweupe peke yake. Na usikandamize. Uzito wa kisu unatosha."

"Kisu changu ni kizuri. Nitakiharibu."

"Tulikinunua lini kisu hiki?" Mkunga akauliza.

"Kabla ya binti kuzaliwa."

"Na sasa kati yako, na mimi, na kisu, nani atakwisha kwanza?"

Mlinzi akatazama dari. Kinyozi alilifikiria swali lile kwa makini, kama ameulizwa hesabu.

"Kisu kitatuzika wote wawili," akasema.

"Basi kiache kiliwe kidogo."

Kwa hiyo akajaribu. Akakishika kidude kwa mkono wa kushoto, akakiingiza kisu kwa wa kulia, akavuta. Mtetemeko haukukoma, ila kisu hakikuwa na pa kwenda. Kuta za mfereji zilikishika huku na huku, na kikaja kwake kimenyooka kutoka mpini hadi ncha, na sauti ya mkwaruzo mmoja mrefu. Kinyozi akasita. Akakitazama kisu, akakitazama kidude, akavuta tena. Kisha mfereji mweupe, ambao sauti yake ilikuwa ndogo zaidi.

Mlinzi akamshikia ukurasa wa gazeti hewani. Kisu kikaingia, kikashuka, kikakwama mahali pamoja karibu na katikati, kikaendelea mpaka chini. Nusu ya ukurasa ikaanguka sakafuni.

Kinyozi aliuokota, akaukagua ukingo uliokatwa. Ulikuwa na vinyuzinyuzi.

"Kwa ndevu, hapana," akasema. "Kwa kitunguu, sawa."

Wakakinunua. Mlinzi aliwasindikiza mpaka nje na kisu, akawakabidhi barabarani.

Ingependeza kusema kwamba mambo yalinyooka tangu hapo, lakini Kinyozi alipata tena kitu cha kufanya, akakifanya kupita kiasi. Alikuwa akinoa asubuhi, na jioni akanoa tena. Alivuta mpaka fundi viatu aliyekuja kumtembelea akauliza kama wanachinja. Alikandamiza pia, kwa sababu mkono uliotulia ulimpa raha na hakutaka utoke mferejini. Unga mweusi wa chuma ulikuwa ukidondoka mezani, naye aliupangusa kwa kiganja.

Kabla ya mwezi kwisha Mkunga alimwita jikoni. Alikuwa amekata majani ya vitunguu ubaoni. Akayainua kwa vidole, na yakaja yote pamoja, yameshikana kwa chini kama shanga kwenye uzi.

"Nieleze hii," akasema.

Kinyozi akachukua kisu, akakilaza kwenye ubao. Karibu na mpini mwanga ulipita chini yake. Kilikuwa kimeliwa bonde dogo, na mahali pale hakikugusa ubao tena. Wanafunzi wengi wa unyozi alikuwa amewafukuza kwa kosa hilo hilo, la kutojua kuacha.

"Kinaweza kusawazishwa kwenye jiwe," akasema mwishowe. "Sehemu nyingine zishuke zilifikie bonde. Lakini si kwa mkono wangu."

"Kwa wangu, basi."

Wakatoka nyuma, Mkunga kwenye ngazi na jiwe mbele yake, Kinyozi kwenye kiti kando. Mkunga alikuwa amekata vitovu vingi maishani mwake lakini hakuwahi kunoa kitu. Alikisukuma kisu kama anafua nguo.

"Laza," Kinyozi alisema. "Umelaza mno. Inua. Sukuma."

Mkunga akasimamisha mkono. Akaanza kucheka, cheko la chinichini lililomtikisa mabega, mpaka akalazimika kukiweka kisu chini.

"Sukuma," akarudia. "Leo nami nimeambiwa."

Kinyozi naye akacheka, ingawa alichelewa kidogo kuelewa. Kazi ile iliwachukua alasiri nzima. Mlalo wa Mkunga haukuwa mzuri, na kazi ilipoisha kisu kilikuwa na mikwaruzo ambayo zamani Kinyozi angeionea haya. Lakini kililala kwenye ubao bila mwanga kupita, na mfereji mweupe ukamalizia kilichobaki.

Baada ya hapo wakawekeana sharti: kinoleo hakitoki kabatini mpaka kisu kianze kuteleza kwenye ngozi ya nyanya. Mkunga ndiye hakimu wa nyanya. Kinyozi ndiye anayevuta, bila kukandamiza, mfereji mweupe tu, na akisikia sauti imekuwa sawasawa kutoka mwanzo hadi mwisho, anaacha. Kisu cha mpini wa kijani kilihamia kwenye kibao cha kuchomekea visu pamoja na vingine. Kinyozi alikinoa pia, ingawa alikiita mgeni.

Ugonjwa haukurudi nyuma. Mwaka uliofuata kulikuwa na asubuhi ambazo hata kuingiza kisu kwenye mfereji kulimshinda, na Mkunga alivuta badala yake. Kinyozi alikaa mezani, kichwa amekiinamisha upande, akisikiliza. "Bado," alisema. "Bado. Basi." Mkunga alikiri kwa majirani, si kwa mumewe, kwamba sikio la mzee halikukosea mara nyingi.

Jumapili moja binti yao alikuja na mfuko wa mboga, akasema leo anapika yeye. Kwake alikuwa amezoea visu butu, na mkono wake ulikuwa umejifunza kukandamiza. Akakandamiza karoti, kisu kikapita kama hakuna kitu, kikaendelea hadi kwenye kidole. Damu ikaingia kwenye sinki. Akaita, "Mama," kwa sauti ya kitoto ambayo hawakuwa wameisikia siku nyingi.

Mkunga akakishika kidole chini ya bomba, akakiosha, akakibana kwa kitambaa, akakiinua juu ya kichwa cha binti. "Pumua," akamwambia.

Kinyozi aliuliza kutoka mezani, "Kisu kimechana au kimeingia sawa?"

Mkunga akafungua kitambaa kidogo, akachungulia. "Kimeingia sawa. Kingo zinakutana zenyewe."

Kinyozi akaitikia kwa kichwa, akakisogeza kikombe chake.

"Baba, umefurahi?" binti akauliza, mkono juu.

"Sijafurahi. Nimeuliza."

"Umefurahi. Nakuona."

"Kidonda cha kisu kikali hupona upesi," alisema Mkunga, akiwa amewapa wote wawili mgongo, anatafuta plasta kwenye droo. "Hilo ni kweli, hata hospitalini."

Akamfunga kidole. Binti akasema hawezi kuacha kazi katikati, akarudi kwenye ubao, akakishika kisu upya, safari hii bila kukandamiza, kidole chenye plasta kimesimama peke yake kando ya vingine. Karoti ziliisha taratibu, vipande vyembamba, vinavyolingana. Chakula kilichelewa. Walipokula jua lilikuwa limeshafika dirisha la upande wa pili, na Kinyozi, aliyekula kwa kijiko kikubwa ili asimwage, aliomba aongezewe.